Maji ya Horini Yaliyomwagwa Kawangware

Kawangware, Nairobi

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ajili ya siku zote nilizokupigia simu nikakata kabla hujaipokea. Mimi ni mzima wa mwili. Kifua kilichonibana wakati wa baridi kimeachia na chakula kinapita. Vipi goti lako? Mama aliniambia siku hizi unapanda boda kwenda bwawani, jambo ambalo najua ungelikana hata mbele ya padri. Na Mama mwenyewe, macho yake yameitikia ile dawa? Yule mbuzi mwenye kiburi bado anatafuna leso za watu kwenye kamba? Nauliza mengi kwa sababu nataka kuchelewa kufika ninakokwenda.

Nimeamua kuandika kwa kuwa simu imenishinda. Kila nikisikia sauti yako ikisema, "Haya mwanangu, lete habari," naishia kukueleza habari za mvua. Isome barua hii kwanza peke yako, kisha umsomee Mama, kisha mdogo wangu Kazungu. Wanakikundi wengine wa ufugaji samaki utawaambia kwa namna utakayoona inafaa, maana wewe ndiye uliyewaahidi kwamba bintiyo atakuja kusema kwenye kikao cha kamati inayosikiliza malalamiko yetu juu ya kampuni.

Jambo lenyewe ni hili. Maji yote uliyonitumia kutoka horini yamemwagwa. Machupa yameoshwa yakang'aa, na hakuna hata tone lililobaki.

Sasa nimesema. Vuta kiti, Baba, nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu habari hii ukiisikia nusu utamchukia mtu asiyestahili kuchukiwa.

Asubuhi ile bomba la mafuta la kampuni lilipopasuka mimi sikuwepo, ila Mama amenisimulia mara nyingi hata naona kana kwamba nilisimama pale pale: maji ya bamvua yakipanda na utando mweusi juu yake, mizizi ya mikoko ikipakwa masizi kama chungu cha kuni, na wewe ukikimbilia kufunga mlango wa bwawa letu la samaki, ukachelewa kidogo tu. Wengine walikuwa wakipiga mayowe. Wewe ulirudi nyumbani ukakusanya chupa tupu ukaenda kuchota. Ulichota ya upande wa juu ambako mafuta ghafi hayakuwa yamefika, ukachota yale yenye utando mwembamba, ukakwangua na ule uji mweusi wenyewe kwenye mikoko. Ukapanga kila kitu ndani ya boksi la barafu la samaki, Kazungu akalipandisha basi. Hukuwa umetumwa na mtu. Ulinipigia ukasema, "Nimekutumia ushahidi. Ulee ukue." Nilicheka siku hiyo, lakini nilipofungua boksi na kuona umezifunga chupa kwa vitambaa vya shati lako la kanisani, nililia.

Kuhusu nilichokuwa nikikifanya na maji hayo, najua nilikueleza, ila mtandao ulikuwa ukimeza maneno na wewe ukijibu "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayeagizwa dukani. Ndani ya maji ya hori mna vijimea vidogo mno, havionekani kwa jicho. Havina mzizi wala jani, vinaelea tu. Jua likivipiga vinakua, na vikiwa vingi ndipo maji yanapopata ukijani ule unaoupenda wewe, wa kuzamisha mkono hadi kiwiko usivione vidole vyako. Wadudu wa majini wanavila, samaki wachanga wa mwatiko wanavila, kila aliye horini anakula kwa sababu ya vijimea hivyo. Vikikosekana ni njaa tangu chini kwenye tope hadi juu kwenye sufuria ya Mama.

Kampuni nayo inalijua hilo. Ndiyo maana kwenye kikao cha kwanza yule bwana wao wa shati jeupe alileta picha, akaonyesha jinsi hori lilivyo kijani tena, akasema maji yamepona na samaki wenu wanakonda kwa kukosa matunzo. Kazungu aliniambia ulisimama ukamjibu, "Rangi si shibe." Halafu ukasema tu kwamba una binti anayesomea mambo haya na kikao kijacho atakuja. Kazungu alisema watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea na makofi hayo mgongoni kama gunia la chumvi.

Basi nililea. Niliyagawa maji yako katika machupa makubwa ya kioo: mengine yale safi, mengine yenye mafuta kidogo kama yalivyo maji ya horini sasa, mengine nikayatia ule uji mweusi kwa wingi. Yalikuwa kwenye maabara ya chuo mpaka mgomo wa wafanyakazi ulipoanza na milango ikafungwa. Niliomba ruhusa nikayaleta hapa ninapoishi, Kawangware, kwenye ploti iliyo nyuma ya masaluni karibu na steji ya 56. Chumba changu ni kimoja, lakini kina dirisha linalopata jua la asubuhi, na chini ya dirisha niliweka ubao nikayapanga. Usiku nilikuwa nayafunika leso aliyonipa Mama, ile yenye mikorosho, kwa sababu baridi ya huku haina adabu.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mama Brayo. Ni mtu wa Vihiga, anapika chapati na maharagwe pale steji, na tangu nihamie ananichunga utadhani alinizaa na kunisahau mahali. Nikichelewa ananigongea. Nikikohoa ananiletea tangawizi. Hali akisikia nimekula mkate tu. Siku nilipoingiza machupa alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hiyo ni nini tena?"

"Ni maji ya nyumbani, Mama Brayo."

"Maji? Umebeba maji kutoka baharini mpaka hapa na kuna mfereji?"

"Mfereji upi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu mfereji wetu unatoa hewa kuliko maji na sote tunanunua mitungi ya mkokoteni. Nami nikaiacha pale, kwenye mzaha. Ningeweza kumkalisha kitandani nikamweleza kama ninavyokueleza wewe sasa. Nilikuwa na haraka, na nilidhani mtu akisema "maji ya nyumbani" amesema yote.

Kila asubuhi nilikuwa nikiinua chupa moja moja kwenye mwanga. Yale yenye mafuta mengi yalikufa upesi. Yalibaki meupe, matupu, hayana kitu. Yale safi yakawa na kijani cha maji ya mchicha, kijani cha afya. Yale ya mafuta kidogo mwanzoni yalififia, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilisema moyoni, haya, kesi ya Baba hii hapa. Kisha siku moja niliyaona yameanza kurudi. Siku zilizofuata yakazidi. Mwishowe yalikuwa kijani kuliko yale safi, Baba. Kijani kizito, cha kung'aa, kana kwamba yamewekewa mbolea.

Niliogopa. Nilimtafuta Daktari, mwalimu anayenisimamia, nikampata nje ya lango la chuo, maana ndani hakuingiliki. Akanisikiliza, akatikisa kichwa bila kushangaa.

"Hiyo hutokea, Sidi. Mafuta yakiwa kidogo yanaua wengine, halafu wale wanaovumilia wanabaki peke yao, wanajaa. Usiangalie rangi. Angalia ni akina nani."

Akanikumbusha kwamba vijimea vizuri, vile ambavyo mwatiko na chaza wanavitegemea, vina magamba ya kioo, na vile vinavyovumilia mafuta mara nyingi ni vidogo kama vumbi, havimshibishi mtu. Lakini kukumbushwa si kuona. Ilitakiwa niweke tone chini ya hadubini nihesabu waliomo. Daktari alikuwa ameshazungumza na wakubwa, na Jumatatu tungefunguliwa chumba cha hadubini sisi tuliokuwa na vitu vinavyoishi. Ilikuwa ningoje Jumatatu tu.

Jumamosi nilikwenda Kibera kama kawaida. Nafundisha watoto masomo ya ziada kwenye shule moja ndogo ya mabati kule mtaa wa Raila. Naenda kwa miguu, na wanafunzi wangu huwa wanakuja kunipokea njiani wakinisalimu "Niaje, madam," nami nawafundisha "Hujambo" wanacheka kama nimesema kitu cha kizee. Ufunguo wa chumba nilimwachia Mama Brayo. Huwa namwachia.

Sasa sikiliza. Hapa kwetu kuna jumuiya ndogo ya kanisa, kama ile ya kwenu, inayozunguka nyumba kwa nyumba kusali. Mama Brayo alikuwa ameniona sina raha wiki nzima. Nilikuwa nimemwambia kuhusu bomba na hori na kikao, nikamwambia kila kitu isipokuwa kilichomo ndani ya machupa. Akaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya akaomba zamu irukishwe ije kwangu, iwe sala ya kuombea maji ya kwetu, na nisiambiwe, iwe zawadi. Na wewe unajua desturi: nyumba inayopokea jumuiya lazima ioshwe. Mwenye nyumba akiwa kazini, wanawake wa ploti wanamfanyia. Ndivyo wanavyoishi hapa, na ndiyo sababu sijahama.

Nilirudi alasiri. Mama Brayo aliniita kabla sijavuka lango.

"Sidi, mtoto wa mtu! Kuja uone! Leo hutajua nyumba yako!"

Sakafu ilikuwa inang'aa. Pazia limefuliwa. Mabenchi na viti vya ploti nzima vimeingizwa, na kwenye meza kuna kitambaa cheupe na mshumaa. Nikatazama chini ya dirisha. Ubao ulikuwa umefutwa, na juu yake pamewekwa msalaba na maua ya plastiki.

"Machupa yangu yako wapi, Mama Brayo?"

"Ziko huko nje zinakauka. Woi, hizo machupa! Maji ilikuwa imeoza, mamii, imekuwa kijani yote. Na zingine zinanuka mafuta, nikasema huyu msichana amemwagia hapa mafuta taa ya stovu na anaogopa kusema. Nimesugua na waya mpaka vidole zinauma. Enda uone vile zinang'aa!"

"Na maji yenyewe?"

"Singemwaga bure. Nimepea sukuma wiki zangu za kwa gunia."

Nilitoka nikayaona. Yamepangwa juu ya ukuta, midomo chini, jua likipita ndani yake bila kuzuiwa na kitu. Kando yake palikuwa na mitungi mitupu ya maji waliyonunua kwa pesa zao ili wanisuuzie. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuuliza ni nani aliyewaambia. Nikamwona Mama Brayo amesimama nyuma yangu, mkono umevimba, uso umejaa furaha ya mtu aliyempa mwenzake kitu kizuri, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikalia. Akanikumbatia akasema, "Lia tu, mamii, ni ya shukrani."

Wakaja. Wakajaa mpaka mlangoni. Waliimba vizuri, Baba, wewe ungependa. Kisha Mama Brayo akasimama akaomba: "Mungu, tunaombea hiyo bahari ya kwao Sidi. Wale watu wamechafua, na ni wewe uliiumba. Irudishe vile ilikuwa, na hawa wazazi wake wapate haki yao." Sote tukaitikia. Na mimi niliitikia, nimepiga magoti mahali pale pale ambapo maji yako yalikuwa yamesimama.

Tafadhali usiniambie kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nimeambiwa na Daktari, nimeambiwa na mwenye ploti, nimejiambia mwenyewe. Daktari hakunigombeza. Alisema tutaanza upya mwaka ujao, kwa maji ya mahali pengine na mafuta ya maabara, na masomo yangu hayajafa, yamechelewa tu. Kwa ajili ya cheti changu hiyo ni habari njema. Kwa ajili yako haina faida, kwa sababu kikao ni mwezi ujao, na ya leo hayana ya kulinganishwa nayo: yale safi ya asubuhi ile hayapo tena horini hata ukichota bahari yote. Ulikuwa umeyawahi wewe peke yako.

Sikukusudia kumwambia Mama Brayo. Lakini baada ya siku chache sukuma zake zikaanza kujikunja, kisha zikakauka moja baada ya nyingine ndani ya gunia. Akaja kwangu ameshika jani.

"Sidi, kwani hiyo maji yako ilikuwa na chumvi?"

Ikabidi niseme. Nilimweleza yote, pole pole, kuhusu wewe na chupa na kikao. Alikaa juu ya mtungi. Akaligeuzageuza lile jani mkononi.

"Nimekuharibia."

"Hukujua, Mama Brayo. Mimi ndiye sikukuambia."

"Usinipoze. Mimi ni mtu mzima." Akapangusa macho na kanga ya kiunoni. "Sikia. Hiyo siku ukienda, tutaenda na wewe. Nitafunga kibanda. Nitaambia hiyo kamati ni mimi nilimwaga, wasikulaumu. Waniulize mimi."

Angekuja, Baba. Angepanda basi usiku kucha aje asimame mbele ya watu asiowajua akiri kwamba aliosha machupa. Nilimshika mkono tu, nikashindwa kumwambia kwamba kamati haitauliza ni nani aliyemwaga. Itauliza kulikuwa na nini.

Hapo ndipo nilipo, na ndipo Kazungu aliponipata. Usimkasirikie kwa haya ninayokuambia, ni kijana na anaumia akikuona ukilisha samaki wasionenepa. Nilimweleza kwa simu, akasema, "Dada, mbona basi ni rahisi? Sema yalikufa yote. Yenye mafuta mengi yalikufa, yenye mafuta kidogo yakafa. Machupa yashaoshwa. Nani atajua?"

Nani atajua. Nililibeba neno hilo siku nyingi. Sitakuficha: nililitamani. Wale waliotaka kunipa zawadi walikuwa wameniondolea pia kitu pekee ambacho kingeweza kunipinga. Jumamosi iliyofuata nilifika Raila mapema, darasa tupu, nikasimama mbele ya madawati nikajaribu. "Ndugu wanakamati, maji yote yaliyoguswa na mafuta yalikufa." Lilitoka vizuri. Nikalirudia kwa sauti ya juu zaidi, nikaweka na mkono hewani kama wakili. Mwalimu mwenzangu, Akinyi, akachungulia mlangoni.

"Madam, unaongea na nani?"

"Na kampuni."

Aliingia akaketi kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni, nikamsimulia. Akinyi amezaliwa Kibera, haoni haya kusema. Alinyoosha kidole dirishani, kwenye mtaro unaopita nyuma ya darasa. Unatiririka maji ya magereji na ya vyoo, juu yana utando wa mafuta wenye rangi rangi, na kando yake pameota kijani ambacho huwezi kukipata kwenye shamba lolote.

"Huo mtaro iko kijani kuliko uwanja wa mpira," akasema. "Kuna mtu anavua samaki hapo?"

"Ndiyo hilo ninalotaka kuwaambia."

"Na si uwaambie basi?"

"Sikuona, Akinyi. Sikuangalia ndani."

"Sawa. Na ukidanganya, mwaka ujao ukipanda hizo machupa zingine na zikuwe kijani tena, utasema nini? Watakuja na hiyo karatasi yako ya chuo waseme, huyu msomi wenu alikuwa muongo. Na hata ukweli yenye utakuwa umepata siku hiyo, nani ataskia?"

Njia ya mwongo ni fupi, wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo nilipokuwa nikificha vitabu vya shule chini ya mkeka. Sikuwahi kufikiri kwamba ingekuwa fupi kiasi cha kufika mwaka ujao tu. Watoto walipoingia nikafuta ubao nikawafundisha hesabu za sehemu.

Kwa hiyo, Baba, haya ndiyo ninayoweza kusema nikisimama. Penye mafuta mengi, maji yalikufa. Penye mafuta kidogo, kama yalivyo ya hori letu leo, maji yalikuwa kijani kuliko yale safi. Naamini kijani kile hakikuwa chakula. Naamini samaki wako wanakufa njaa mezani, mbele ya sahani iliyojaa makapi. Lakini sikuona, na nikiulizwa kama niliona, nitasema sikuona. Bwana wa shati jeupe atainuka atabasamu, atasema, "Mmesikia wenyewe." Na wale waliokupigia makofi watakugeukia wewe.

Najuta, Baba. Najuta kwamba ulichota kwa haraka na akili vile, na mimi niliyepewa nikalee sikuwahi hata kuandika kikaratasi juu ya chupa. Najuta zaidi kwamba kuna jibu, lilikuwa chumbani kwangu, chini ya dirisha, na sasa litapatikana siku ambayo halitakufaa. Silali vizuri. Nikimwona Mama Brayo akiwapa wateja chapati nageuza uso, kwa sababu naye anajuta, na sisi wawili hatuwezi kusaidiana.

Nisalimie Mama, umwambie leso yake iko salama na mimi ninavaa soksi. Msalimie Kazungu, umwambie dada yake hajakasirika, ila asirudie neno lile mbele ya watu. Shangazi Dama, mtunza funguo wa kikundi, mpe pole za mguu. Babu Karisa aliyenifundisha kuogelea mwambie huku hakuna pa kuogelea, pana pa kuzama tu, atacheka. Katekista naye mpe salamu za jumuiya ya Kawangware. Wamewaombea, na waliomba kwa moyo.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni lako. Wewe ndiye uliyechota na wewe ndiye uliyeahidi, siwezi kukuamulia. Ukiniambia nisije, nitabaki huku na sitakuuliza umewaambia nini. Ukiniambia nije, nitakuja kabla ya siku ya kikao, nivae lile gauni la bluu, nisimame. Lakini usiniite, Baba, kama hutaweza kukaa kwenye benchi la mbele, watu wote wakikutazama, ukanisikia nikisema kwamba maji yalikuwa kijani.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na ninayeliogopa jibu lako,

Sidi